Papasi

Mara ya kwanza alipokuja Nyemo
homa ilikuwa imetoka,
kama mgeni aliyeacha ndala mlangoni
kuonyesha kwamba atarudi.
Sikuziona ndala. Foleni ilifika nje,
na kipimo cha malaria, kile cha haraka,
kilichora mstari mmoja tu.
Nikaandika: hasi. Nikaita: anayefuata!
Akakaza kitenge juu ya mimba ya miezi saba,
akaondoka na panadoli sita kwenye kikaratasi.

Siku ya tisa wakamleta kwa mkokoteni wa ng'ombe,
meno yakigongana saa sita mchana,
jua la Chamwino likichoma mabati.
Nikamtoboa kidole. Tone nene:
nikalizungusha kwa ncha ya slaidi,
nikaliacha likauke, nzi nikiwafukuza kwa daftari.
Kisha rangi, nusu saa.
Nusu saa ni ndefu
mtu akitetemeka nyuma ya pazia.

Umeme ulikatika tangu alfajiri.
Nikageuza kioo cha hadubini kikatazama dirisha,
likaingia jua la Dodoma, lisilo na bili.
Tone la mafuta. Lenzi ya mia.

Watu hudhani sisi wa maabara tunaona.
Tunapapasa.
Uwanja huu, ule, urudi nyuma, songa tena.
Aliyewaita papasi aliijua kazi yangu,
maana nao hupapasa: usiku, gizani,
wakishuka kutoka ufa wa tembe,
wakinywa kwa muda wa kusonga ugali,
wakirudi udongoni
kabla aliyelala hajageuka ubavu.

Uwanja wa sitini na tatu:
uzi.
Si wa pamba, hakuna pamba humu.
Uzi wa zambarau, umejikunja mara sita, saba,
kama unywele unaobaki kwenye kitana
ukishafumua misuko ya mtoto.
Mwingine pembeni. Wawili wamesokotana.
Baada ya hapo nikawaona kila mahali.

"Unalala wapi, Nyemo?"

"Kwa mama mkwe, tangu palizi. Chini, kwenye ngozi,
karibu na ukuta. Kuna joto."

Maneno mawili tu, swali lenyewe.
Halitaki umeme, halitaki rangi.
Siku ile ya kwanza lilikuwa mdomoni mwangu
nikalimeza na chai.

Muuguzi Lugano akachoma sindano, akanionya:
usifurahi bado,
hao wakianza kufa, homa hupanda kwa hasira ya mwisho.
Saa nane usiku ikapanda.
Kitanda kilisogea, nakuapia,
miguu yake ya chuma ikakwaruza sakafu
na Lugano, sikio kwenye tumbo la Nyemo,
akihesabu kwa sauti mapigo ya yule mdogo
ambaye hajawahi kulala popote kwingine.
Mia na sitini. Mia na sabini. Nyamazeni. Mia na sitini.

Kulipokucha nikafunua rejista,
mstari wa kumi na nne, ule wa hasi.
Sikuufuta. Nikaongeza kwa herufi ndogo:
damu ilichukuliwa siku homa imelala.

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa barazani.
"Kwa hiyo ni kuta zangu?
Marehemu alizisiliba kwa mikono yake.
Nibomoe?"
Rejista haina safu ya swali hilo.
Nikamwambia, niletee kipande.

Akarudi jioni na kopo la rangi,
ndani yake udongo wa pembeni mwa ngozi.
Tukaumwaga juu ya karatasi nyeupe,
tukainama, yeye na mimi, vichwa vikikaribia kugusana.
Udongo. Jani la mtama. Udongo.
Akaanza kutabasamu.
Kisha punje moja ya udongo
ikanyoosha mguu.